Leo Usiku Yuko Wapi?

Siku ya pili ya matanga, Tanga mjini, chini ya turubai lililofungwa kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye mwembe wa jirani, bibi mmoja aliuliza swali lililowanyamazisha hata vijana waliokuwa wakicheza karata pembeni. Marehemu alikuwa mkwewe, fundi wa mashine za boti. Bibi hakuwa na machozi. Aliuliza kama mtu anayeulizia basi la asubuhi: "Mchungaji, sasa hivi yuko wapi?"

Mchungaji, Mlutheri, alijibu kwamba yuko kwa Bwana. Shemeji wa marehemu, Msabato aliyeteremka kutoka Upareni usiku uleule wa taarifa, akakohoa kwa adabu. "Bibi, amelala. Hajui kitu mpaka parapanda ilie." Mdogo wake bibi, Mkatoliki, rozari imezunguka kiganja, hakubishana na yeyote, alisema tu tuzidi kumwombea, maana safari bado. Bibi akawatazama wote watatu. "Siulizi siku ya mwisho, wanangu. Nauliza leo usiku yuko wapi."

Birika la chai likapita, kwaya ikaanza "Ni Salama Rohoni Mwangu", na swali likazama humo.

Ukilichunguza, swali lile ni mawili yaliyofungwa katika kitenge kimoja: marehemu yuko wapi, na mimi niliyebaki nitalalaje? La kwanza ni la mbingu, la pili ni la amani ya moyo. Makanisa yetu siku hizi huyafundisha kama masomo mbalimbali. Mbingu huhubiriwa msibani, amani ya moyo huachiwa semina na maombezi ya Jumatano. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu katika historia ya Ukristo waliolifikiri sana swali moja walijikuta wamesimama ndani ya la pili.

Kiswahili chenyewe kinatuonya tusikimbie. Mbingu ni wingi. Umoja wake, uwingu, umebaki kwenye kamusi tu. Kiebrania nacho kina shamayim, neno lenye umbo la wingi, na ndilo hilohilo linalotaja anga ya mvua na ndege. Peponi ni jirani wa upepo, na Mwislamu wa Tanga na Mkristo wa Tanga wanalitumia wote wawili, kila mmoja akiiona bustani yake. Neno paradiso nalo lilianzia kwa Waajemi wa kale, waliomaanisha kiwanja kilichozungushiwa ukuta, likapita kwa Wagiriki ndipo likaingia katika Biblia. Halafu kuna "marehemu", neno tulitamkalo bila kufikiri, lililotoka katika Kiarabu likimaanisha aliyerehemiwa. Kabla mchungaji hajafungua kitabu, lugha imekwisha kumhurumia maiti.

Biblia haikutoa ramani moja. Katika sehemu kubwa ya Agano la Kale wafu wote, wema kwa wabaya, hushuka kuzimu, mahali pa vivuli na ukimya. Tumaini la kufufuka linajitokeza waziwazi mwishoni mwa kitabu cha Danieli. Tukifika kwenye Injili, Mathayo hupenda kusema ufalme wa mbinguni pale Marko na Luka wanaposema ufalme wa Mungu. Wafafanuzi wengi hueleza kwamba aliwaandikia Wayahudi waliochelea kulitaja jina la Mungu ovyo. Ikiwa ni hivyo, basi hapo mbinguni si mahali. Ni namna ya heshima ya kumtaja mwenye enzi, kama tunavyosema "Ikulu imeamua" huku tukijua jengo halina akili. Luka naye ana neno dogo la Kigiriki, entos, lililowagawa wafasiri mpaka leo. Biblia ya Union, iliyotoka 1952, inauweka ufalme ndani ya watu. Ile ya Habari Njema inauweka kati yao. Mwandishi Tolstoy alichagua "ndani", akaandika kitabu kizima chini ya jina hilo, kikakataliwa na wakaguzi wa Urusi na kuchapwa nje mwaka 1894. Gandhi alikisoma akiwa Afrika Kusini. Ukisema ndani, ufalme ni wa moyo wangu. Ukisema kati, hauwezi kuwepo mpaka wewe na mimi tuwe tunasemezana. Nitalirudia hili.

Anayedhani mabishano ya chini ya turubai ni ya watu wasiosoma, asikie habari za Avignon, walikokaa mapapa wakati ule. Sikukuu ya Watakatifu Wote mwaka 1331, Papa Yohane XXII, mzee aliyekwisha pita miaka themanini, alihubiri kwamba roho za watakatifu zimepumzika chini ya altare, yaani chini ya ubinadamu wa Kristo, na hazitamwona Mungu wazi mpaka siku ya hukumu. Zogo likazuka. Wanateolojia wa Paris wakampinga papa, na mfalme wa Ufaransa akasimama upande wao. Ubishi huu ulikuwa na uzito wake: kama watakatifu bado wako barazani wakingoja kuitwa ndani, mishumaa yote inayowashwa mbele ya picha zao inafanya kazi gani? Yohane alijitetea kwamba alikuwa akitoa rai yake tu, hajatunga fundisho. Desemba 1334, siku moja kabla ya kukata roho, aliwaita makardinali kitandani akaifuta kauli yake. Mrithi wake, Benedikto XII, akafunga mjadala kwa hati ya 29 Januari 1336: roho iliyotakata humwona Mungu uso kwa uso tangu sasa, hata kabla ya ufufuo, na ile yenye madoa hutakaswa kwanza. Kwa hiyo yule mama wa rozari alikuwa akisema, kwa maneno machache, kile ambacho papa mmoja nusura akikosee na mwingine akakiandika.

Kuna kichekesho kingine. Luther mwenyewe, mara kwa mara katika maandishi yake, alikieleza kifo kama usingizi mzito ambao mtu huamshwa na sauti ya Kristo bila kuhisi kwamba miaka imepita. Calvin hakulipenda wazo hilo la roho kulala. Kazi yake ya kwanza ya kiteolojia, aliyoiandika 1534 na kuichapisha 1542, ilikuwa ya kulipinga. Wasabato, waliotokana na waliongoja ujio wa Yesu tarehe 22 Oktoba 1844 wakapambazukiwa bila kumwona, wakajipanga kuwa kanisa mwaka 1863, wakalifanya kuwa fundisho rasmi. Mwaka 1903 wamisionari wao wa Kijerumani walifika Upareni. Basi pale matangani shemeji Msabato alikuwa karibu na Luther kuliko mchungaji Mlutheri. Sikulisema kwa sauti, maana msibani si mahali pa kuwashinda watu.

Lakini ramani hizi zote, za kulala, za kutakaswa, za kuona mara moja, hazimwambii bibi atalalaje. Hapo inabidi kuhama kutoka kwa waliobishana kwenda kwa waliosali.

Katika karne ya 7 alizaliwa mtu mmoja katika nchi ya Beth Qatraye, pwani ya Ghuba, sehemu ambazo leo ni Qatar na jirani zake. Anajulikana kama Isaka wa Ninawi. Alifanywa askofu wa Ninawi, akavumilia miezi mitano, kisha akajiuzulu na kwenda kuishi milimani kama mtawa. Pwani ile watu walizamia lulu tangu zamani, na Isaka alibaki na picha hiyo: mzamiaji huvua nguo zote akajitosa baharini mpaka aipate lulu, na mtawa mwenye busara huvua kila kitu maishani mpaka ampate Kristo ndani yake. Mahali pengine anafundisha kwamba chumba cha moyo na chumba cha mbinguni vina mlango mmoja. Ukiingia kimoja umekiona na kingine, na ngazi ya kupandia imefichwa ndani yako. Wakristo wa Mashariki walimsoma karne baada ya karne ingawa kanisa lake lilikuwa limetengana nao, na Novemba 2024 Papa Fransisko alitangaza kumwingiza katika orodha ya watakatifu wa Roma. Ninachokipenda kwake ni kwamba utulivu wake haupatikani kwa kuelea. Mtu anazama, pumzi imembana, shinikizo la maji masikioni, na hajui kama leo kuna lulu.

Zaidi ya karne mbili kabla yake Augustino, Mwafrika wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba huko Algeria, alikuwa ameshughulika na swali hilo kwa upande wa pili. Roma ilikuwa imetekwa na Alariki mwaka 410, wakimbizi wakavuka bahari kuja Afrika wakiuliza Mungu alikuwa wapi. Jibu lake, Mji wa Mungu, lilimchukua tangu 413 hadi 426. Katika kitabu cha kumi na tisa cha kazi hiyo anaieleza amani kuwa ni utulivu unaotokana na kila kitu kukaa mahali pake: viungo mwilini, tamaa chini ya akili, watu wa nyumba moja, raia wa mji mmoja, na juu ya vyote mji wa mbinguni ambako watu humfurahia Mungu na kufurahiana ndani yake. Tazama alivyopanga. Amani ya moyo imo, lakini ni ngazi moja tu katika jengo refu, na ngazi ya juu kabisa ina watu wengi. Mbingu ya Augustino ni mji. Hakuna anayeishi mjini peke yake.

Na yeye mwenyewe alikufaje? Mwaka 430 Wavandali walikuwa wameuzingira mji wake. Possidius, rafiki yake aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Augustino mgonjwa aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma akilia. Daktari wa amani anakufa akilia, adui wako langoni. Wahubiri wanaotuahidi kwamba aliyeokoka halii wangekwenda kumkemea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Dante, aliyemaliza shairi lake kuu karibu na kifo chake mwaka 1321. Anapofika mbinguni, kwenye tabaka la chini kabisa, la mwezi, anamkuta Piccarda, mtawa aliyetolewa utawani kwa nguvu na ndugu zake ili aozwe. Dante anamuuliza swali la Mswahili yeyote aliyewahi kukalishwa viti vya nyuma harusini: hamtamani kusogea mbele? Piccarda na wenzake wanatabasamu. Hawatamani, kwa sababu kutaka kwao kumekuwa kitu kimoja na kutaka kwa Mungu, na humo ndimo amani yao ilimo. Hapa maswali mawili ya bibi yamekuwa moja. Mbingu haikumpa Piccarda amani kama zawadi ya mlangoni. Amani hiyo ndiyo mbingu yenyewe, na hata kiti cha nyuma hakiipunguzi.

Sasa ile kwaya. "Ni Salama Rohoni Mwangu" una historia ambayo waimbaji wengi wanaijua nusu. Mwandishi wake, Horatio Spafford, alikuwa mwanasheria wa Chicago. Tarehe 22 Novemba 1873 meli Ville du Havre iligongana na nyingine katika Atlantiki ikazama. Watu 226 walikufa, wakiwemo mabinti zake wanne. Mkewe Anna aliokolewa. Spafford alivuka bahari ileile kumfuata, na wimbo ukatokana na msiba huo. Wimbo wa Kiingereza unaifananisha amani na mto. Aliyeuleta kwa Kiswahili akaweka shwari. Sijui kama alijua alichokifanya, lakini alifanya vizuri kupita kiasi. Mto unatiririka kwenda zake. Shwari ni hali ya bahari. Ni bahari ileile ya jana iliyokuwa na mawimbi ya kupindua ngalawa, na samaki na vina vyake vyote vimo bado. Ni neno lilelile ambalo Biblia ya Kiswahili inalitumia Yesu anapoamshwa kwenye shetri, alipokuwa amelala juu ya mto wa kichwa, akaukemea upepo.

Nusu ya pili ya historia haiimbwi. Mwaka 1881 Spafford na Anna walihamia Yerusalemu na kundi dogo la waumini, wakimngoja Kristo arudi. Yeye alifia huko 1888. Kundi lao likabaki, likalea wagonjwa na kulisha wenye njaa wa dini zote katika mji ule wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Walikwenda kungoja mbingu wakaishia kupika uji.

Kuhusu bahari kuna jambo linalomsumbua mtu wa pwani. Yohana wa Ufunuo, alipoiona mbingu mpya na nchi mpya, anataja kwamba bahari haimo. Mara ya kwanza nilipolielewa hilo nilikuwa mtoto, nimekaa kanisani umbali wa kutupa jiwe kutoka majini, na nilihuzunika. Mbingu gani hiyo isiyo na dau? Baadaye nilifahamu kwamba Yohana aliandika akiwa kisiwani Patmo, ametengwa na makanisa yake na maji hayohayo, na kwamba kwa Wayahudi bahari ilikuwa sura ya vurugu, mahali mnyama anapotokea. Lakini kitabu hichohicho, mbele ya kiti cha enzi, kinaonyesha bahari kama kioo. Kwa hiyo maono mawili yamekaa katika kitabu kimoja: mbingu ambamo bahari imeondolewa, na mbingu ambamo bahari imetulia. Ukiwasikiliza Wakristo wakieleza amani yao utagundua haraka kila mmoja anasali kwa picha ipi. Wako wanaotaka shida iondoke. Wako wanaotaka wasizame. Mahubiri ya mafanikio, yale ya nyumba na gari, yameegemea picha ya kwanza kwa nguvu zote, tena yanataka bahari ikaushwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Afrika Mashariki ilijaribu jibu la moyoni kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasali pamoja. Miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini nchini Rwanda, ukavuka hadi Buhaya, Kenya na kwingineko. Walokole, kama walivyoitwa, walileta jambo jipya: mtu kusimama na kutaja siku aliyookoka, kukiri dhambi kwa majina, kurudisha jembe aliloiba, na kusema ana amani. Uhakika wa mbinguni ulikuwa ushuhuda wa leo. Wakati wa Mau Mau, baadhi yao huko Ukikuyuni walikataa kiapo na pia wakakataa bunduki za serikali, na wako waliouawa. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Askofu Festo Kivengere alikimbia Uganda, na mwaka huohuo akatoa kitabu alichokiita Nampenda Idi Amin. Jina hilo halitoki kwa mtu aliyetafuta utulivu wa kukaa mbali na watu.

Hata hivyo lazima tuseme na lile lingine. Nchi ya Gahini ndiyo nchi ya mauaji ya kimbari ya 1994. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa Wakristo waliobatizwa, na makanisa kama Ntarama na Nyarubuye yakawa machinjio ya waliokimbilia humo. Si haki kuwabebesha Walokole mzigo huo, maana wako waumini waliokufa kwa kuwaficha jirani zao. Lakini yale maneno mawili ya wafasiri, ndani na kati, hayakuwa mchezo wa sarufi. Ufalme ulioko ndani tu unaweza kukaa kwa starehe ndani ya mtu mwenye orodha ya majina mfukoni.

John Mbiti, mwana wa Kitui, aliiona hatari iliyo jirani na hiyo. Katika tasnifu yake ya Cambridge ya 1963, iliyochapishwa 1971, alichunguza jinsi Wakamba walivyofundishwa mambo ya mwisho na wamisionari. Hoja yake, aliyoieneza kwa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, ni kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi ulielekea nyuma kwa wahenga, na siku zijazo za mbali hazikuwa na nafasi. Mbingu ya baadaye ilipopandikizwa hapo ikawa kimbilio la kukimbia dunia, yenye mitaa ya dhahabu inayochukuliwa kama ilivyoandikwa. Wanafalsafa wengine, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga kuhusu wakati, na nadhani walikuwa na haki: mkulima anayepanda mnazi hawezi kuwa hajui kesho. Ila onyo lake kuhusu mbingu ya kukimbilia limesimama. Hata hivyo Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Marekani, aliandika mwaka 1855 kwamba yeye na wenzake walipoimba habari za Kanaani, walikuwa na maana ya Kaskazini, kulikokuwa na uhuru. Wimbo uleule wa mbinguni unaweza kumlaza mtu na unaweza kumwonyesha njia ya kutorokea.

Siku ya tatu matanga yalianuliwa. Shemeji wa Upareni alikuwa juu ya kiti akifungua kamba za turubai mwembeni, bibi akaja na kikombe, akasimama chini yake.

"Huko kulala kwenu," akamuuliza, "mtu huota?"

Shemeji akabaki na kamba mkononi. "Hilo, Bibi, sikufundishwa."

"Haya. Teremka basi unywe chai, itapoa."